Dagaa Hajui Tahasusi Yako

(Haya ni maneno niliyozungumza Kigoma mjini mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, walimu wao na wazazi. Nimeyanyoosha kidogo yasomeke, lakini utani wa ukumbini nimeuacha palepale ulipokuwa.)

Wazee wangu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliobanana huko nyuma kana kwamba mbele kuna mtihani: mwakeye, kama tunavyosalimiana kwa Kiha, lugha ya huku kwetu. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie utafiti unaofanywa vyuoni, wa sayansi, wa tiba, na wa zile taaluma zinazomchunguza binadamu mwenyewe: historia, lugha, fasihi, falsafa na ndugu zake. Mwalimu aliyenialika aliniambia, "Waeleze tofauti zake, vijana wachague vizuri." Sawa. Tofauti zipo na nitazieleza. Ila nianze na jambo linalonikera. Mtoto wa tahasusi ya PCB, yaani mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia, anamwona wa HKL, wa historia, Kiswahili na Kiingereza, kama mtu aliyekimbia hesabu. Wa HKL naye anamwona wa PCM, wa fizikia, kemia na hisabati, kama mtu wa kuongea na mashine tu, binadamu wanamshinda. Utani wa bwenini hauna neno. Tabu inakuja pale utani huohuo unapopanda mpaka chuo kikuu, ukavaa joho, ukaanza kugawa fedha za utafiti.

Sitawapeleka mbali. Mji wetu huu wa mwisho wa reli umeandikwa sana katika majarida ya kitaaluma duniani kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Kwa hiyo mifano yangu yote, au karibu yote, inaanzia hapa.

Tuanze na dagaa. Kila nyumba ya Kigoma ina maoni yake kuhusu dagaa. Mzee atakwambia zamani mtumbwi ulirudi alfajiri umelala majini kwa uzito. Kijana atasema nyavu za macho madogo ndizo zilizotumaliza. Mwingine atasema watu tumekuwa wengi, basi. Sasa niulize: ni kweli wamepungua? Na kama ni kweli, nini kimewapunguza? Lipeleke swali hilo chuo kikuu uone. Hutajua ubishe hodi mlango upi.

Ukiingia kwa watu wa fizikia ya maji watakueleza hivi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Lakini maji yake hayachanganyiki yote. Jua linapasha tabaka la juu, na maji ya moto ni mepesi, hivyo yanakaa juu ya yale ya baridi. Oksijeni inaishia mita 100 au 200 hivi kutoka juu, kutegemea mahali na msimu, na chini ya hapo samaki haishi. Kila kinachokufa juu kinazama na kuozea huko chini, na virutubisho vyake vinabaki gizani. Ikifika Mei upepo wa kusi unaanza kuvuma, unaendelea mpaka Septemba, unayasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na maji ya chini yanapanda na virutubisho vyake, hasa kule upande wa kusini wa ziwa. Mwani unaota. Vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anakula dagaa, na sisi tunawala wote wawili.

Haya, ongeza joto. Maji ya juu yakizidi kupata moto yanazidi kuwa mepesi, na upepo uleule hauna tena nguvu ya kuyavuruga. Virutubisho vinabaki chini na dagaa analala njaa juu. Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba uzalishaji wa mwani ziwani ulishuka kwa takriban asilimia 20, na kwamba kushuka huko kunaweza kumaanisha samaki pungufu kwa kama asilimia 30.

Mwanafunzi makini hapo atauliza: wamejuaje? Nani alikuwa hapa miaka mia iliyopita akipima mwani? Hakuna. Walisoma tope.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mko kwenye boti, mnashusha bomba refu lenye uzito mpaka lizame katika tope la chini ya ziwa, mnaliziba, mnalivuta taratibu. Linatoka na mche wa tope, wa rangi ya kijivu na nyeusi, umejipanga tabaka juu ya tabaka, harufu yake inakupiga puani. Maabara wanaukata vipande vyembamba. Katika kila kipande wanapima madini yenye mionzi, ambayo hupungua kwa kasi inayojulikana, na hivyo kukadiria umri. Kisha wanachambua kwa hadubini: meno na magamba ya samaki, maganda ya konokono, mabaki ya mwani. Na angalieni jambo hili, kwangu mimi ndilo tamu kuliko yote: kule kwenye kina, kwa kuwa hakuna oksijeni, hakuna mdudu wala konokono wa kuchimbachimba, basi tope la mwaka huu linalala juu ya la mwaka jana bila kuvurugwa. Hali ileile inayomzuia samaki kuishi ndiyo iliyotutunzia historia ya samaki.

Je, wataalamu wote walikubali? Hata. Wapo watafiti wa samaki waliosema, ngojeni kwanza, uvuvi nao umebadilika, msimbebeshe jua mzigo wote. Mabishano yakaendelea miaka. Mwaka 2016 kundi jingine lililosoma tope likaonyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujapamba moto katikati ya karne ya 20, na kwamba katika maeneo waliyochunguza, sakafu ya ziwa yenye oksijeni ya kutosha ilikuwa imepungua kwa asilimia 38. Watu walewale hawakusema wavuvi hawana lawama. Walichosema ni kwamba hata bila mvuvi ziwa lilikuwa tayari limeanza kubadilika, na mvuvi amekuja juu ya hilo. Ukienda mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, ukawaambia watu "ni tabianchi tu" utakuwa umewadanganya, na ukiwaambia "ni nyavu zenu tu" utakuwa umewadanganya vilevile.

Mpaka hapo tumezungumza na sayansi. Sasa nigeukie upande wangu, maana mimi ni mtu wa historia na sitaki kuondoka bila kuutetea ukoo.

Tope haliwezi kukwambia lini karabai, zile taa za mafuta za kuvulia usiku, ziliingia mwalo wa Kibirizi. Halijui lini taa za sola zilizifukuza karabai, wala zamani mvuvi alikaa ziwani saa ngapi kabla ya kurudi, wala usiku wa mbalamwezi watu walifanya nini. Mzee wa mwalo wa Katonga anajua. Na jambo hilo si hadithi za jioni, ni takwimu. Kama zamani taa moja hafifu ilijaza beseni kwa saa chache, na leo taa kali kumi zinajaza beseni lilelile kwa usiku mzima, basi samaki wamepungua hata kama beseni limejaa. Watu wa uvuvi wanapima mavuno kwa kulinganisha na nguvu iliyotumika, na nguvu ya zamani haimo katika chombo chochote cha maabara. Imo vichwani mwa watu.

Ila kichwa cha mtu nacho kina ujanja wake. Tunakumbuka usiku wa neema, usiku wa mikono mitupu tunausahau. Ndiyo maana mwanahistoria hamkubalii mzee mmoja tu, hata kama ni babu yake. Anawauliza wengi, kila mmoja peke yake, anauliza mambo yanayoweza kuhakikishwa: ulikuwa mwaka wa mvua gani, mlikuwa wangapi chomboni, dagaa mliuza kwa nani. Kisha anarudi kwenye maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 waliolieleza soko la Ujiji, nayo anayasoma kwa mashaka yaleyale: aliyeandika alikaa siku ngapi, alikuja msimu gani, na nani alimtafsiria.

Halafu kuna mama. Nenda Katonga asubuhi. Utamkuta ameshusha beseni, anamwaga dagaa, anawatandaza, anachutama na kuwageuza, jicho moja kwenye wingu. Waliotandazwa mchangani wanabeba mchanga mpaka sokoni, na bei inashuka. Waliotandazwa juu ya kichanja wanapata hewa juu na chini, wanakauka upesi, wanang'aa. Mvua ikimkuta na mzigo mbichi, mtaji wake umeoza. Sasa, samaki anapofika mwaloni anahesabiwa. Akishaozea mchangani, nani anamhesabu? Ukitaka watu wale dagaa wengi zaidi, pengine njia ya karibu ni mbao na wavu wa kichanja kabla ya kutafuta samaki mwingine ziwani. Hilo ni swali la mtaalamu wa vyakula, la mchumi, na la mtu wa sosholojia atakayeuliza kwa nini aliyekopeshwa kwa ajili ya injini ni baba na aliyenyimwa mkopo wa kichanja ni mama.

Nimekaa sana kwenye dagaa kwa makusudi, kwa kuwa hapo tofauti za taaluma zinaonekana vizuri. Mkemia anaweza kurudia jaribio lake mara mia kwenye chupa. Mtu wa ziwa hana ziwa la pili la kujaribia. Daktari anaweza kugawa wagonjwa makundi mawili kwa bahati nasibu, hawa wapate dawa mpya, hawa ile ya zamani, kisha alinganishe. Mwanahistoria hawezi kuurudisha mwaka 1858 akaubadilisha kidogo aone itakuwaje. Ukitazama hivyo, msomaji wa tope amekaa karibu na mwanahistoria kuliko na mkemia, ingawa yeye yupo kitivo cha sayansi na kule kitivoni kwetu hatujawahi hata kumpa kiti. Wote wawili wanasoma alama zilizoachwa na jambo ambalo halitatokea tena.

Twendeni Gombe, kwenye msitu wa sokwe ulio kando ya ziwa, kaskazini ya mji wetu.

Mwaka 1960, mwezi Julai, Jane Goodall, binti wa Kiingereza aliyekuja kuwachunguza sokwe, alishuka pale ufukweni. Hakuwa na shahada. Aliwapa sokwe majina, na wasomi wengi wakamcheka. Wao walitaka namba. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwona sokwe aliyemwita David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu, akivuta mchwa na kuwala. Wakati ule vitabu vilisema kutengeneza na kutumia zana ni sifa ya binadamu peke yake. Vitabu vikaandikwa upya. Mama huyo alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na dunia nzima ilimlilia kwa haki.

Lakini nataka mlijue na jina la Hilali Matama, Mtanzania aliyefanya kazi ya kuwafuatilia sokwe palepale Gombe. Mwezi Januari 1974 yeye ndiye aliyeshuhudia kundi moja la sokwe likimvamia na kumshambulia mwenzao wa kundi lililojitenga, mwanzo wa vita vilivyochukua miaka minne. Kabla ya hapo wengi waliamini sokwe ni viumbe wapole. Mei 1975 waasi wenye silaha kutoka ng'ambo, Zaire ya wakati ule, waliwateka watafiti vijana wanne wa kigeni palepale Gombe. Baada ya hapo wageni wakaondoka. Utafiti haukufa. Uliendelezwa na wenyeji, watu wa vijiji vya mwambao, waliokuwa wakipanda vilima vile kila siku wakiwafuata sokwe tangu wanaamka mpaka wanajenga viota vya usiku, wakiandika kila kitu, na wakiandika kwa Kiswahili. Kumbukumbu hizo zimetunzwa mpaka leo na wasomi wa ng'ambo wanazitafsiri ili wazitumie. Nawaambia nyinyi wa HKL mnaodhani Kiswahili chenu kinaishia kwenye ushairi. Na ushairi wenyewe si haba.

Thamani ya madaftari yale ilionekana katika tiba. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi iliyowafuatilia sokwe 94 wa Gombe kwa karibu miaka tisa. Hawakuwachoma sindano. Waliokota mavi na kukusanya mikojo, wakapima virusi vya jamii ya VVU. Awali ilidhaniwa virusi hivyo havimdhuru sokwe. Kumbe, ukilinganisha wa umri sawa, mwenye virusi alikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya asiye navyo, na majike wenye virusi walizaa kidogo na watoto wao walikufa zaidi. Jibu hilo lisingepatikana maabara peke yake. Lilihitaji mtu anayemjua kila sokwe kwa sura, anayejua mama yake nani, alizaliwa lini, na siku gani hakuonekana tena. Mavi bila daftari ni mavi tu.

Nifafanue hapa kwa sababu mtaani maneno yanageuka: virusi vya sokwe wa Gombe sivyo vilivyozaa UKIMWI wa binadamu. Asili ya VVU vilivyoenea duniani imefuatwa mpaka kwa sokwe wa kusini-mashariki ya Kamerun. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha virusi kutoka sampuli mbili kongwe za Kinshasa, moja ya damu ya 1959 na nyingine ya tezi ya mgonjwa ya 1960, na kwa tofauti zake wakakadiria kwamba vilianza kuenea kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20. Vinasaba vikasema wapi na lini. Havikusema kwa nini. Hapo mtu wa maabara alilazimika kusoma habari za ukoloni wa Wabelgiji: reli, meli za mto Kongo, mji uliojazwa wanaume wa kazi bila wake zao. Ukitaka kuelewa kirusi kile kilivyosafiri, soma ratiba za treni.

Kwa upande wa tiba yenyewe nitataja ugonjwa mmoja tu, malale. Mkoa wetu na Tabora tunaujua. Vijiji vilihamishwa kwa sababu ya mbung'o wanaoueneza. Mwaka 1906 Robert Koch, daktari wa Kijerumani, mtu mkubwa, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia kwa kazi yake ya kifua kikuu, alikwenda visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria na kuwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoxyl, yenye aseniki. Alipoona vimelea vinarudi, akaongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka na hawakuona tena. Ukisoma ripoti ya kitabibu utakutana na dozi, siku, na hesabu. Ukitaka kujua mgonjwa aliambiwa nini kabla ya sindano, kama aliweza kukataa, na kwa nini wengine walitoroka kambini, lazima uende kwa mwanahistoria, na mwanahistoria naye aende kwa wajukuu wao.

Leo hapa nchini huwezi kuanza utafiti wa tiba kwa watu bila kupitia maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kazi hiyo, na mshiriki lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa na aridhie mwenyewe. Wanafunzi wa tiba wengi wanaichukulia fomu ya ridhaa kama usumbufu wa karatasi. Wakisoma habari za Ssese watajua karatasi ile ilinunuliwa kwa macho ya watu.

Na lugha anayoielewa ni ipi? Bibi wa Kasulu anayefikiri kwa Kiha, akiambiwa kwa Kiswahili cha ofisini kwamba atagawiwa kundi kwa bahati nasibu, atadhani anacheza kamari ya serikali. Mtu wa isimu ana kazi hapo, na si kazi ndogo. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kina toni, na neno likibadilisha mlio linabadilisha maana. Msomi anayerekodi sauti za bibi yule, akazipima na kuziandika, anafanya sayansi ya vipimo kama mwenzake wa ziwa. Tofauti ni kwamba chombo chake kinacheka, kinachoka, na kinamkaribisha ugali.

Sasa niwape kisa cha Rusizi, nikimaliza hapo nina jambo moja la mwisho.

Februari 1858, Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walifika ziwani kwetu. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa homa, Speke macho yalikuwa yameugua kiasi kwamba ziwa alilolifuata miezi yote ile aliliona kama ukungu. (Watafiti, chukueni bima.) Swali lililowatoa Uingereza lilikuwa chanzo cha Nile, na kwa hilo walitaka kujua mto ulioko kaskazini ya ziwa, Rusizi, unatoka ziwani au unaingia. Walipanda mitumbwi mpaka Uvira, karibu na ncha ya kaskazini ya ziwa. Hawakuufikia mto. Wenyeji waliwaambia waziwazi: unaingia. Jibu lilikuwa limeshatolewa na watu wanaoishi pale na kuyanywa maji yale. Hata hivyo miaka ya baadaye Ulaya iliendelea kubishana, Burton mwenyewe akiwamo, ikichora ramani ambazo Rusizi unatoka. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji, wakapiga makasia mpaka kaskazini, wakauona kwa macho yao unaingia. Miaka 13 na safari nzima, kuthibitisha alichosema mvuvi.

Mtu wa sayansi atasema, na ana haki: jambo la kuambiwa si sawa na la kuonwa, ilibidi waende. Nami nitamjibu: sawa, ila mbona uvumi wa mezani London ulipewa uzito kuliko shahidi wa Uvira? Kupima uzito wa shahidi ni kazi yenye mbinu zake. Inafundishwa. Inafundishwa huko huko HKL, na HGL ya historia, jiografia na Kiingereza, mnakokucheka.

Jambo la mwisho ni hili. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazoshiriki ziwa, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mnajua nyumbani kulikuwaje. Nimesikia watu wawili wakibishana sokoni: mmoja anasema baada ya kufunguliwa dagaa walijaa, kwa hiyo kufunga kunafaa, mwingine anasema njaa ya miezi mitatu hailipwi na beseni moja.

Kama kuna kijana hapa anatafuta mada ya utafiti, ichukue hiyo, na uone itakavyokuchosha. Miezi ile ya kufunga ndiyo miezi ya kusi, ambapo ziwa lenyewe linapanda na virutubisho. Kwa hiyo ukilinganisha Aprili na Septemba ya mwaka mmoja hujapata kitu; huenda umepima upepo ukadhani umepima sheria. Lazima ulinganishe Septemba kwa Septemba za miaka mingi, na joto la maji la kila mwaka, na hapo unahitaji vipimo vya TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, na mtu anayejua hesabu za takwimu. Lazima ujue nani alivua kwa kuiba usiku, na hilo hakuna atakayeliandika kwenye hojaji ya mgeni mwenye kalamu na fulana ya mradi. Utahitaji kukaa mwaloni mpaka watu wakuzoee, kazi ya mwanaanthropolojia. Lazima ujue mama wa kichanja aliwalisha watoto chakula gani katika miezi ile, na zahanati za mwambao zilipima watoto wangapi wenye uzito pungufu, hiyo ni tiba. Na ukishamaliza yote hayo kuna mwanafalsafa amekaa pembeni anakuuliza: nani alipe leo ili mjukuu wa nani ale kesho, na ni haki gani aliyevua kidogo afunge sawasawa na aliyevua kwa taa hamsini?

Kibali utaombea COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Matokeo, tafadhali, yarudishe Katonga kabla hujayapeleka kwenye jarida. Wapo watafiti waliojaza madaftari yao kwetu hapa wakaondoka na treni ya jioni, na mpaka leo kijiji hakijui kilisema nini.

Nimeambiwa muda umebaki wa maswali matatu au manne. Naona mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu niliposema kichanja. Mpeni kipaza sauti.